Kusoma Mlinganyo kwa Kiswahili: Alama na Vizio katika Masomo ya Awali ya Fizikia

Tuliletewa mswada mmoja tuusome na kuutolea maoni kabla haujapelekwa kwa mpiga chapa. Ni masomo ya awali ya fizikia, yapata kurasa tisini, yaliyoandikwa na walimu kadhaa wa Miyuji, kaskazini ya jiji la Dodoma, kwa ajili ya vijana waliomaliza darasa la saba ambao hukutana jioni kujifunza ufundi wa umeme na wa mabomba. Waandishi wametuomba tusiwataje, nasi tunaliheshimu ombi hilo. Wametuomba pia tusiwaonee haya, na hilo nalo tutalitimiza.

Yatupasa tuanze na sifa, maana zipo. Kiswahili cha mswada huu ni safi, na mwandishi hatafuti maneno ya kutisha pale ambapo neno la kila siku latosha. Somo la kanieneo limejengwa juu ya tangi la lita 1,000 lililopandishwa kwenye mnara, kitu ambacho mkazi wa Miyuji hukiona akifungua dirisha lake. Mwanafunzi anaelezwa kwamba maji hutoka bombani kwa nguvu kwa sababu ya kimo cha maji juu ya bomba, wala si kwa sababu ya wingi wa maji yaliyomo tangini. Kisha anaonyeshwa hesabu yake: kimo kikiwa mita 3, kanieneo ni paskali 29,340. Tumefurahi hasa kuona kwamba hesabu hiyo imetumia 9.78 kwa mchapuko wa mvutano wa dunia. Hiyo ndiyo thamani iliyo karibu na kweli kwa mahali kama Dodoma, palipo jirani na ikweta na juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Vitabu vingi hutoa 9.8, na mitihani hutoa 10, na mtoto hukua akidhani kwamba namba hiyo ilishuka kutoka mbinguni.

Istilahi nazo hatuna ugomvi nazo. Tungamo, kani, nishati, mkondo, ukinzani, mchapuko: ni maneno ambayo wafasiri wanayajua kutoka katika kamusi za iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo mwaka 1990 ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi ya kutafuta majina, kwa kiasi kikubwa, imefanyika. Kasoro tutakazozitaja hazimo katika majina. Zimo katika mambo mawili ambayo kamusi kwa desturi haiyagusi: herufi zinazosimama mahali pa majina hayo, na jinsi mlinganyo mzima unavyosomwa kwa sauti.

Kwanza herufi. Waandishi wameona kwamba mlinganyo maarufu wa Newton, F = ma, umeandikwa kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza, nao kwa nia njema wakaona yafaa mlinganyo wa Kiswahili uandikwe kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiswahili. Kwa hiyo katika somo la tatu tunasoma K = T × M, yaani kani ni sawa na tungamo mara mchapuko. Ukitazama mstari huo peke yake huoni ubaya. Ubaya waanza somo la nne, lenye kusema kwamba kazi ni kani mara umbali. Kazi huanza kwa K. Kani huanza kwa K. Mwandishi angefuata kanuni yake angepata K = K × U, na mwanafunzi mwerevu angekata K pande zote mbili na kutangaza kwamba umbali ni moja daima.

Mwandishi aliiona hatari hiyo, akaongeza herufi ya pili. Kani ikawa Kn, kazi ikawa Kz, kasi ikawa Ks, kanieneo ikawa Ke, na kimo, ole wetu, kikawa Km. Katika lile somo zuri la tangi, kimo cha mita 3 kimeandikwa "Km = 3". Tulimpa ukurasa huo kijana mmoja, fundi wa mabomba, tukamwuliza tangi liko wapi. Akajibu kwamba liko mbali kilomita tatu.

Hapa si uzembe wa mtu. Ni maumbile ya lugha yetu. Kiingereza kina maneno yenye kuanza kwa herufi za kila namna, lakini Kiswahili hupanga nomino zake kwa ngeli, na viambishi vya ngeli ni vichache. Jina la tendo au la hali aghalabu litaanza kwa m- au kwa u-. Mkondo, msuguano, mchapuko, mvutano, mwendo, mwanga, msongamano; ukinzani, uzito, urefu, upana, ujazo, umbali, ukubwa. Ukitaka herufi ya kwanza ya kila moja iwe alama yake, utakuwa na fizikia ya herufi mbili. Katika mswada huu M ni mchapuko katika somo la tatu na mkondo katika somo la tisa, U ni umbali, kisha uzito, kisha ukinzani, na ile m ndogo ya mita nayo yazunguka katikati yao. Mtu anaweza kudhani kwamba kuacha herufi za kigeni ni kuipa lugha ya taifa heshima yake. Sisi twaona kwamba ni kuitwika mzigo usiolingana na umbo lake.

Isitoshe, herufi hizo si za Kiingereza kama tunavyodhani. Mkondo wa umeme huandikwa I duniani kote, na neno la Kiingereza la mkondo halianzi kwa I. Herufi hiyo ilitokana na neno la Kifaransa lenye maana ya ukali wa mkondo. Chuma huandikwa Fe kwa sababu ya Kilatini. Densiti huandikwa kwa herufi ya Kiyunani, ro. Mwingereza mwenyewe huandika asichokitamka, na hajapungukiwa kitu. Nasi tumekwisha kulizoea jambo hilo katika mahali ambapo hatulioni tena: tarakimu. Alama 5 ni moja tu, nayo husomwa "tano" Miyuji na husomwa vingine London na Paris. Hakuna mfasiri aliyewahi kutaka tano iandikwe kwa herufi t ili iwe ya Kiswahili. Alama ya kiasi katika fizikia yafaa ichukuliwe vivyo hivyo. Iandikwe kama ulimwengu uiandikavyo, isomwe kwa jina lake la Kiswahili.

Iko sababu nyingine, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya badala ya kuwarudishia waandishi karatasi zao kimya kimya. Katika shule za msingi za serikali mtoto hufundishwa sayansi kwa Kiswahili, na akiingia kidato cha kwanza hufundishwa fizikia kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, iliyotoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika katika sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Lolote tunalolifikiria juu ya mpango huo, kijana wa Miyuji anayejifunza jioni huenda kesho akashika kitabu cha Kiingereza, au maelezo ya kiwanda yaliyobandikwa mgongoni mwa mashine. Majina yote atakayoyakuta humo yatakuwa mageni kwake. Kitu pekee anachoweza kukitambua ni V = IR. Tukimfundisha V = M × U, tumemnyima hata hicho.

Tukubali basi kwamba herufi zibaki. Hapo ndipo wafasiri wengi huweka kalamu chini, wakidhani kazi imekwisha, kumbe inaanza. Mlinganyo ni sentensi. Una kitendwa, una kiungo, unasomwa kwa sauti mbele ya darasa, na sauti hiyo kwetu ni ya Kiswahili.

Tazama linalotokea mwalimu anaposoma herufi badala ya majina. Mtoto wa darasa la saba amezoea irabu a, e, i, o, u kama zinavyotamkwa katika Kiswahili. Mwalimu wa fizikia, kwa mazoea ya sekondari, huita herufi kwa majina ya Kiingereza. Herufi E kwa Kiingereza hutamkwa kama i yetu. Basi mwalimu akisema "i", nusu ya darasa itaandika I na nusu itaandika E. Na katika somo la umeme moja ni mkondo na ya pili yaweza kuwa nishati. Kosa hilo hutokea kila siku na hulaumiwa mwanafunzi. Dawa yake haihitaji kikao wala waraka. Mwalimu aandike ubaoni V = IR, na mdomoni aseme: volteji ni sawa na mkondo mara ukinzani. Herufi ni ya jicho, jina ni la sikio.

Tumesema "mara", na tumelichagua neno hilo kwa makusudi, maana neno linaloleta matata makubwa kuliko yote katika mswada huu ni dogo mno: "kwa".

Mwalimu wa hesabu husema "zidisha sita kwa tatu". Mwalimu huyo huyo, dakika ile ile, husema "gawanya sita kwa tatu". Neno "kwa" halichukui upande wowote. Kinachoamua ni kitenzi kilichotangulia. Fundi seremala husema chumba ni mita tatu kwa nne, na maana yake ni kuzidisha. Dereva husema kilomita themanini kwa saa, na maana yake ni kugawanya. Muuza zabibu husema shilingi fulani kwa kilo, na hiyo nayo ni kugawanya. Katika maongezi hatupotei, kwa sababu tunavijua vyumba, magari na zabibu tangu zamani. Lakini mwanafunzi wa fizikia anakutana na vitu asivyovijua, na anachotegemea ni neno.

Katika somo la sita la mswada, ugumu wa springi umepimwa kwa "nyutoni kwa mita". Katika somo la saba, nguvu ya kuzungusha spana imepimwa kwa "nyutoni kwa mita". Cha kwanza ni N/m: ni nyutoni ngapi zahitajika ili springi irefuke mita moja. Cha pili ni N m: ni kani mara umbali wake kutoka kwenye egemeo. Kimoja ni mgawanyo, kingine ni zao. Ni vitu viwili visivyokutana popote, na katika mswada vimeandikwa kwa maneno matatu yale yale, kurasa nane mbali. Mfasiri wa Kiingereza hana shida hapa, maana lugha hiyo ina neno maalumu la kugawanya kizio kwa kizio, na kwa kuzidisha haitumii neno lolote. Sisi tumeyabebesha yote mawili neno moja.

Mfano wenye gharama zaidi ni ule wa umeme. Watumiaji wa LUKU hununua "uniti", na kila mmoja anajua uniti zikiisha taa huzimika. Uniti hiyo ni nishati inayotumiwa na chombo cha kilowati moja kikiwashwa muda wa saa moja. Ni kilowati mara saa, sawa na jouli 3,600,000. Pasi ya wati 1,000 huimaliza kwa saa moja, na taa ya wati 10 huimaliza kwa saa mia moja. Jina lake stahili ni kilowati-saa. Mswada, pamoja na taarifa nyingi tulizozisoma magazetini na maofisini, huiita "kilowati kwa saa". Tafsiri hiyo si kwamba haipendezi tu. Ina maana nyingine kabisa. Kilowati kwa saa, kwa kipimo cha kilomita kwa saa, ni kiasi ambacho uwezo wa umeme unaongezeka kila saa, kama katika kituo ambacho mitambo yake inawashwa mmoja baada ya mwingine. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Hapo hakuna saa yoyote. Tumesikia mara kwa mara "megawati 2,115 kwa saa", na msemaji ameongeza saa kwa sababu sikio lake limezoea kwamba kila kipimo kikubwa huishia na "kwa saa", kama cha treni.

Pendekezo letu ni hili. Mahali pa kugawanya, vizio viunganishwe kwa "kwa kila": nyutoni kwa kila mita, kilogramu kwa kila mita ya ujazo, jouli kwa kila sekunde. Mahali pa kuzidisha, visiunganishwe kwa neno lolote, bali viandikwe kwa kistari na visomwe mfululizo: nyutoni-mita, kilowati-saa. "Kwa" peke yake iachiwe mazungumzo, na zile semi zilizokwisha kukomaa, kama kilomita 160 kwa saa za treni ya umeme iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024. Hatudhani mtu yeyote atakipiga marufuku kilichokwisha kukaa vinywani mwa watu. Tunasema tu kwamba kisitumike mahali ambapo kizio kinaelezwa kwa mara ya kwanza.

Tunajua pingamizi litakuja juu ya kizio cha mchapuko, m/s². Kwa kanuni yetu kitasomwa "mita kwa kila sekunde kwa kila sekunde", na walimu watanung'unika kwamba ni refu. Ni refu kweli. Mswada unasema "mita kwa sekunde mraba", usemi mfupi na wa haraka. Lakini tumwulize mwanafunzi sekunde mraba ni kitu gani. Mita ya mraba ataionyesha kwa mikono. Sekunde ya mraba hakuna aliyeiona. Ule usemi mrefu, kinyume chake, unaeleza jambo lenyewe: jiwe likianguka, kasi yake huongezeka kwa mita 9.78 kwa kila sekunde, na ongezeko hilo hutokea kwa kila sekunde ipitayo. Mwenye kuusema mara kumi ameelewa mchapuko. Baada ya hapo na afupishe apendavyo.

Kanieneo nayo yatudai neno moja. Ni istilahi iliyoundwa kwa ustadi, na inafaa kuliko "presha", ambayo watu wamekwisha kuikabidhi kwa ugonjwa. Lakini imeunganisha kani na eneo bila kusema zimeunganishwa vipi, na tumekuta katika mazoezi ya mswada swali moja ambalo jibu lake limepatikana kwa kuzidisha kani mara eneo. Hatuamini kwamba mwandishi hajui fizikia. Tunaamini kwamba jina lilimvuta mkono. Hatupendekezi libadilishwe; tunapendekeza kwamba kila mahali linapofafanuliwa kwa mara ya kwanza, ufafanuzi uanze na maneno "kani kwa kila eneo la mita moja ya mraba".

Kuhusu vipeo na vipeuo tutakuwa wakali kidogo. Kipeo cha pili cha saba ni arobaini na tisa. Kipeuo cha pili cha arobaini na tisa ni saba. Matendo mawili yenye kupingana yametenganishwa kwa irabu moja, u, katikati ya neno, mahali ambapo ulimi wa mtu mwenye haraka huiteleza. Chukua mlinganyo wa timazi inayobembea: muda wa mbembeo mmoja ni mbili pai mara kipeuo cha pili cha urefu wa uzi gawanya kwa mchapuko wa mvutano. Uzi wa mita moja, Miyuji, utatoa sekunde 2.01. Msikilizaji aliyesikia "kipeo" atapata sekunde 0.066, yaani timazi itabembea mara kumi na tano katika sekunde moja, kama bawa la mdudu. Wapo wanaosema "mzizi wa pili", nasi twaona neno hilo lina haki ya kusikilizwa na Baraza, hata kama kipeuo kimekwisha kuota mizizi katika vitabu vya shule za msingi.

Yako madogo ambayo watumishi wa serikali na wapiga chapa wanahusika nayo kuliko walimu, nasi tutayapitia upesi. Kiswahili hutaja kizio kwanza, namba baadaye: kilo hamsini, mita tatu. Alama za kimataifa hufuata mpango wa kinyume: 50 kg, 3 m. Mipango yote miwili ni sahihi mahali pake. Kisichokuwa sahihi ni kuichanganya, kama mswada unavyoandika "Kg. 50". Ikiwa ni neno, iandikwe kilo 50. Ikiwa ni alama, iandikwe 50 kg, kwa k ndogo, bila nukta. K kubwa ni alama ya kelvini. Na mwenye kudhani kwamba ukubwa wa herufi ni mapambo tu na akumbuke kwamba M ni mega na m ni mili: bwawa la 2,115 MW likiandikwa 2,115 mW, limekuwa la wati mbili na kidogo, zisizotosha hata taa moja ya maana. Sisi wenyewe, na tukiri, tumeweka mkato katika namba hiyo kama desturi ya magazeti yetu ilivyo, ilhali msomaji wa Lubumbashi aliyesoma hesabu kwa Kifaransa huusoma mkato huo kama nukta ya desimali. Mkutano Mkuu wa Vipimo wa kimataifa ulipendekeza nafasi tupu badala yake, na ulirudia jambo hilo mwaka 2003. Siku moja jarida hili nalo litapaswa kuamua.

"Uniti" tumekwisha kuitaja. Neno sanifu ni kizio, na lingefaa libaki pekee katika fizikia, maana uniti ya umeme ni kilowati-saa na uniti ya maji ni mita moja ya ujazo, lita 1,000. Mwenye nyumba mmoja ana uniti za namna mbili katika bili mbili, wala hakuna anayechanganyikiwa, kwa kuwa anazilipia mahali tofauti. Darasani hakuna bili ya kumwongoza.

Liko jambo moja la mwisho ambalo hatukulitarajia. Katika jaribio la kupoza maji, mswada unaagiza: "Pima halijoto tena baada ya saa 2." Tulilisoma kama muda. Mwenzetu mmoja alilisoma kama wakati, yaani baada ya saa mbili kamili, na kwa kuwa wanafunzi hukutana jioni alidhani ni saa mbili usiku. Sote tulikuwa sahihi. Saa yetu ni muda, ni wakati, na ni chombo cha ukutani, na sarufi haitusaidii kuzitenganisha, kwa kuwa umbo halibadiliki katika wingi. Kinga yake ni nyepesi: "baada ya muda wa saa 2" kwa moja, "ifikapo saa 2 usiku" kwa nyingine. Katika mlinganyo, muda ubaki kuwa t, na kizio kibaki kuwa s au h.

Mswada tumewarudishia waandishi. Herufi tumewaomba wazirejeshe zote. Mahali pote penye "kwa" kati ya vizio viwili tumepapigia mstari kwa wino mwekundu, na pembeni tumeandika "mara" au "kwa kila" kadiri tulivyoelewa. Mahali patatu hatukuweza kujua mwandishi alikusudia lipi, na hapo tumeweka alama ya kuuliza.